Gauni la Njano katika Mstari wa Tisa

Jumatatu, saa moja asubuhi, kabla jua halijaanza kuipasha moto nailoni iliyofunika mabanda ya nyanya, mpiga dawa aliingia banda la nne kuhesabu wadudu. Ndivyo wiki ilivyoanza pale shambani kwa miaka kumi na mitatu. Katika kila mstari wa nyanya alichagua mimea kumi, kila mmea jani moja, akaligeuza kwa vidole viwili na kuchungulia upande wa chini, kwa sababu nzi weupe hawakai juu ya jani wakaonekana. Wanajibanza chini, wamezamisha midomo yao kama sindano kwenye mishipa ya jani, wanafyonza. Mkubwa wao hafikii chenga ya mchele. Watoto wao hata kutembea hawatembei. Mahali walipogandia ndipo wanapolia chakula mpaka waote mabawa.

Juu ya jani unaona hasara tu. Umanjano usio na sababu, kingo zinazojikunja kama mtu anayekunja mikono ya shati, na utelezi mtamu ambao wadudu hao wanaukojoa mchana kutwa, nao ukikaa siku chache unaota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Nyanya yenyewe inaiva nusu nusu. Ukiikata unakuta nyama nyeupe, ngumu, haina ladha ya kitu chochote.

Wiki hiyo banda la nne lilikuwa limezidiwa. Mstari wa kwanza, jani moja lilikuwa na nzi arobaini. Mstari wa tatu, sitini na kitu. Kufika mstari wa nane mpiga dawa alichoka kuhesabu, akaandika "wengi". Mstari wa tisa akageuza jani la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La kumi, hakuna hata wa dawa. Akainua macho, akamwona mkewe, ambaye walimzika siku kumi na moja zilizopita, amesimama mwisho wa mstari na gauni lake la njano, na nzi weupe wote wa mstari ule wametua juu yake.

"Umeamkaje?" mkewe akauliza.

"Nimeamka salama. Wewe?"

"Hivyo hivyo."

Mpiga dawa akaangalia karatasi yake, akaandika: mstari wa tisa, sifuri.

Gauni lile lilikuwa na kisa chake. Shambani pale rangi ya njano ilikuwa marufuku. Nzi weupe wanapenda njano kuliko wanavyopenda uhai wao. Ndiyo maana katika kila banda zilitundikwa kadi za njano zilizopakwa gundi, wakaja wenyewe, wakanasa. Mfanyakazi akivaa njano wanatua juu yake, wanapata usafiri wa bure hadi banda la pili. Mlinzi wa getini aliwakagua watu nguo asubuhi kama mwalimu wa zamu, na hata kitambaa cha kichwa chenye ua la njano kilibaki getini mpaka jioni. Mke wa mpiga dawa aliipenda njano tangu usichana wake. Alikuwa na gauni moja tu la rangi hiyo, likakaa kabatini miaka sita likingoja siku isiyo ya kazi. Siku isiyo ya kazi ilikuwa Jumapili, na Jumapili alikuwa akifua.

Alipofariki, mumewe alifungua kabati akalitoa. Alisema mwenzake haendi tena kazini, basi angalau avae anachokitaka. Ndugu wote waliafiki. Hakuna aliyefikiria kwamba mwanamke yule alikuwa hajawahi kukosa kazini hata siku moja.

Wenzake walimwita Chapuchapu, kwa kuwa wao walipokuwa bado wanafunga aproni, yeye alikuwa amekwisha jaza kreti ya kwanza. Basi walipoingia saa mbili na kumkuta pale, walimsalimu kama mtu aliyerudi kutoka likizo. Mvunaji mmoja, mama mnene ambaye habari zote za shamba zilianzia kwake na kwa hiyo akaitwa Redio, alimzunguka mara mbili akimtazama.

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada," alisema Redio.

"Wanionje tu," Chapuchapu alijibu. "Watafyonza nini kwa mtu aliyekwisha?"

Nyapara alikuja baada ya kuitwa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye saa kubwa mkononi na filimbi shingoni, na hakuwa na ubaya wa moyoni. Alikuwa na haraka tu, na haraka ya mtu mwenye filimbi inatosha kuwa ubaya. Alikohoa kidogo.

"Shemeji, pole na safari," alisema. "Ila njano humu hairuhusiwi."

"Nilivalishwa," alijibu Chapuchapu.

Nyapara alisoma upya tangazo la mlangoni. Lilisema mfanyakazi, kibarua na msimamizi. Marehemu hakutajwa. Akaenda zake.

Alhamisi alikuja bwana shamba na lenzi yake. Alimtazama Chapuchapu begani, mgongoni, na ndani ya upindo wa mikono, akiandika. Kisha akageuza majani ya mstari wa nane, wa saba, wa sita. Nzi walikuwa wakihama. Majani ya juu yalikuwa yameanza kunyooka na maua mapya yalikuwa yameshika. Bwana shamba alisema katika miaka yote ya kazi yake hajaona mtego uliofanya vizuri namna ile, akaagiza mambo matatu: kadi za gundi ziondolewe kwa sababu zinaleta ushindani, banda la nne lisipigwe dawa mpaka atakapotoa neno jingine, na mtu yeyote asimguse marehemu, maana akiguswa wadudu wataruka na kurudi kwenye majani.

Mpiga dawa alipewa kazi ya kumhesabu. Kila Jumatatu alihesabu nzi katika mraba mmoja wa gauni la mkewe, ukubwa wa kiganja, na kuzidisha. Aliifanya kazi hiyo vizuri, na ilimuua kidogo kidogo. Alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia kwamba hapumui, na hakuruhusiwa kumpangusa hata uso.

Ili lielezeke lililokuwa likimla moyo, lazima isemwe habari ya bendera.

Banda likishapigwa dawa, bendera nyekundu inatundikwa mlangoni, na hakuna kuingia mpaka kesho yake. Ndivyo karatasi ya ukutani ilivyosema. Lakini wavunaji hawakuiamini karatasi, wala saa ya nyapara, ambayo ilikwenda mbio kila lori lilipokuwa njiani. Waliuamini mkono wa mpiga dawa. Ulikuwa utaratibu wao wenyewe, haukuandikwa popote. Aliingia peke yake, akagusa majani kwa mgongo wa kiganja, ya juu, ya katikati na ya chini, katika mistari mitatu. Akanusa. Akatoka, na kama yamekauka na hewa ni safi, akaitoa bendera kwa mkono wake mwenyewe. Ikitolewa na mtu mwingine, wanawake walikalia kreti zao na kuanza kusukana nywele, na hakuna filimbi iliyowainua.

"Mkono wake ndio cheti chetu," Redio alikuwa akiwaambia wageni.

Siku ile, siku chache kabla ya kifo cha mkewe, alipiga dawa saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne lori likafika, siku moja kabla ya zamu yake. Nyapara alimfuata kwenye stoo, alipokuwa akisuuza bomba.

"Katoe bendera."

"Majani mabichi bado."

"Lori halijui bado. Nikitoa mimi hawataingia, unawajua. Katoe wewe."

Lori likapiga honi mara tatu. Mpiga dawa akaenda mlangoni akaitoa bendera, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakugusa jani hata moja. Alijiambia kwamba wataanzia mistari ya mlangoni, penye upepo, na mpaka wafike ndani patakuwa pamekauka. Alisahau kwamba mkewe ni Chapuchapu. Wenzake walipokuwa wanavuka kizingiti, yeye alikuwa mstari wa tisa, kule mwisho ambako hewa haifiki.

Jioni nyumbani Chapuchapu alikunywa maji, akakunja uso. "Haya maji mbona yana ladha ya chuma?" aliuliza. Mumewe alimwambia huenda ni mabomba. Usiku mikono ikaanza kumtetemeka, na siku ya tatu akafariki. Karatasi ya hospitali ilisema moyo. Mpiga dawa alikuwa amelaza kichwa juu ya moyo huo kwa miaka ishirini na miwili, na alijua haukuwa na kasoro yoyote.

Wiki ya tatu baada ya mkewe kurudi, aliwangoja Redio na wenzake watoke kwenda kula, akabaki mstari wa tisa.

"Ile siku," alisema, "bendera..."

"Nilikuona ukiitoa. Nilikuwa pale bombani nanawa."

"Sikugusa majani."

Hilo Chapuchapu hakuwa analijua. Nzi waliokuwa begani kwake walitikisika kidogo, kisha wakatulia.

"Mimi niliona ni wewe," alisema hatimaye. "Angekuwa nyapara nisingeingia."

Hakulisema kwa hasira. Lingekuwa na hasira lingebebeka. Mpiga dawa alilia akiwa amesimama, kwa sababu katikati ya mistari ya nyanya hakuna mahali pa kukaa. Akanyosha mkono.

"Usiniguse," mkewe akasema. "Wataruka."

"Mama, nenda kapumzike. Nakuomba. Nimekukosea, siwezi kukuona hivi kila siku."

"Nikiondoka wanarudi kwenye majani. Wakirudi utaambiwa upige dawa. Ukipiga, lori litakuja." Alitazama nje kupitia nailoni, walikokaa wenzake na mabakuli yao. "Bora wanifyonze mimi. Mimi wamechelewa."

Halafu akauliza habari za binti yao. Huyo alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza kushona nguo kwa fundi mmoja mtaani, na mama yake alikuwa ameapa kwamba asiyekuwa na kazi nyingine ndiye aje kwenye mabanda, na mwanawe hatakuja. Mpiga dawa alisema binti hajambo, anajifunza kukata kola.

"Aendelee hivyo hivyo," alisema Chapuchapu.

Kesho yake mpiga dawa alikwenda ofisini, akasimama mbele ya meneja na kueleza kila kitu: lori, honi, bendera, mkono wake. Alifikiri kwamba ukweli ukitoka, kuna kitu kitatikisika. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akamshukuru kwa uaminifu. Akasema kuhusu marehemu, shamba haliwezi kubishana na madaktari, na madaktari wameandika moyo. Na kuhusu bendera, kwa kuwa mpiga dawa mwenyewe amekiri kwamba mkono wake si wa kutegemewa, kuanzia leo bendera itakaa kwa nyapara.

Mpiga dawa alitoka ofisini akiwa ameondolewa hata kile kidogo alichobakiwa nacho. Akaenda moja kwa moja kwa wavunaji akawaambia na wao. Redio alichukua kreti yake akaihamishia upande wa pili wa kivuli. Wengine wakamfuata.

Jioni akamwambia binti yake. Binti aliacha mkasi juu ya kitambaa, akaingia chumbani na hakutoka mpaka siku ya pili. Alipotoka aliivisha chai, akamwekea baba yake kikombe mezani bila kumtazama.

"Kwa hiyo mama yuko pale mpaka leo," alisema.

"Yuko."

"Nataka kumwona."

Wageni hawakuruhusiwa kuingia mabandani, kwa sababu ya wadudu. Sheria ilikuwa wazi: wanaingia wafanyakazi tu. Binti alisimama getini siku nne mfululizo akiomba dakika tano, na mlinzi, ambaye alimhurumia kwa dhati, alimweleza sheria kwa siku nne mfululizo. Siku ya tano binti alikuja na nguo za bluu, akasimama kwenye foleni ya watafuta kazi. Nafasi ya kuvuna ilikuwepo moja. Ilikuwa ya mama yake.

"Mwanangu, mama yako aliapa kwamba hutakuja huku," baba yake alimwambia njiani.

"Sijaja kwa ajili yako," binti alijibu. Lilikuwa jibu la haki, na mpiga dawa alilipokea kama lilivyo.

Chapuchapu alimwona mwanawe akiingia na kreti. Ukitazama kwa makini ungeona nzi wa kifuani wakipanda na kushuka, kana kwamba kuna pumzi chini yao.

"Na kola umeziachia nani?" aliuliza.

"Nitarudi kwenye kola. Nimekuja kukuona."

"Nione basi. Halafu vuna, nyapara anakuja."

Binti akavuna. Alikuwa na mikono ya mama yake. Kila alipofika mstari wa tisa alipunguza mwendo, na wawili hao walizungumza kwa sauti ndogo mambo ya nyumbani: chumvi ilipowekwa, sketi ya jirani iliyokuwa haijalipiwa upindo, ndoo iliyovuja. Wiki tano nzima zilikuwa hivyo. Katika banda la nne hakukupigwa dawa, nyanya zikaiva nyekundu mpaka ndani, na mpiga dawa, akiwa mstari wa pili na karatasi yake, alimsikia mwanawe akicheka. Akaanza kufikiri kwamba labda Mungu hutengeneza mambo kwa njia ambazo mtu hawezi kuziandika kwenye fomu.

Lakini kinachofyonzwa huisha. Mpiga dawa ndiye aliyeona kwanza, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuona. Upindo wa gauni ulianza kujikunja kuelekea juu. Mabegani, utelezi wa wadudu uliota ukungu mweusi, na hapakuwa na ruhusa ya kuufuta. Njano ikapauka wiki hadi wiki, ikawa rangi ya karatasi ya zamani, na uso wa Chapuchapu ukapauka pamoja nayo. Bwana shamba alikuja na lenzi, akasema mtego unachoka. Alipendekeza amwagiliwe. Wakavuta mpira mwembamba wa matone mpaka miguuni pake, sawa na ule wa nyanya, nao ulidondoka usiku na mchana. Haukusaidia.

Nzi ni nzi, hawana shukrani. Njano ilipofifia wakaanza kurudi kwenye majani, kwanza mstari wa kumi, kisha wa nane. Jumatatu ya wiki ya sita tangu binti aanze kazi, mpiga dawa aligeuza jani la mstari wa kwanza akakuta thelathini. Alikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu. Aliwaza kuandika sita. Lakini bwana shamba alikuwa tayari nyuma yake, ameshika jani jingine, na yeye alikuwa anajua kuhesabu.

"Kesho alfajiri piga," alisema bwana shamba. "Ile kali."

"Mke wangu yumo ndani."

Bwana shamba alimtazama nyapara, nyapara akaitazama saa.

"Dawa itamfanya nini tena?" alisema nyapara, kwa upole wake wa haraka. "Shemeji hana neno. Ameshakufa."

Saa kumi na mbili asubuhi mpiga dawa alivaa koti la plastiki, glavu na barakoa, akabeba bomba mgongoni, akaingia. Mistari minane aliipiga vizuri, juu na chini ya majani, kama alivyofundishwa. Mstari wa tisa alifunga bomba, akapita kimyakimya, akalifungua tena mstari wa kumi.

"Umeruka," nyapara alisema akiwa mlangoni.

Akarudi. Chapuchapu aliinua mkono akajifunika macho.

"Piga tu, mume wangu," alisema. "Wakikufukuza mtoto atabaki na nani humu?"

Mpiga dawa akapiga. Nzi walimdondoka mkewe kama unga unaochekechwa, wakatapakaa chini, na kwa mara ya kwanza katika wiki zote zile alimwona mzima, kuanzia shingoni hadi miguuni. Alikuwa amekonda. Alikuwa mwembamba kama jani lililokaa ndani ya kitabu. Barakoa ya mpiga dawa ilijaa machozi, na kwa sababu ya glavu zenye dawa hakuweza kuyafuta.

Bendera ikapanda saa moja na nusu. Saa nne lori lilikuwa getini. Nyapara hakumwita mtu. Alikwenda mwenyewe mlangoni, akaitoa bendera, akaikunja na kuitia mfukoni. Akapuliza filimbi.

Wavunaji walikuwa wamekaa juu ya kreti zao. Mpiga dawa aliwapita mbio, akaingia, akagusa majani kwa mgongo wa kiganja, ya juu, ya katikati, ya chini, mistari mitatu. Akatoka na mkono umelowa, akauinua wote wauone.

"Bado," alisema. "Mabichi. Jamani, msiingie, bado."

Wanawake waliutazama ule mkono. Zamani ungewatosha.

"Leo ndio unagusa?" alisema Redio. Hakukejeli, aliuliza tu, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Nyapara alisema asiyetaka kuingia anaweza kwenda getini, ambako kuna foleni ya wanaotaka. Lori likapiga honi. Redio alijifunga aproni. Mmoja akainuka, na wa pili, na wa tatu.

Binti alikuwa amesimama na kreti yake mkononi.

"Mwanangu," alisema mpiga dawa. "Hawa siwezi kuwazuia. Wewe nakuomba. Ngoja."

Binti aliutazama mkono wa baba yake, kisha akatazama kule mwisho, ambako kupitia nailoni ilionekana rangi iliyokuwa njano zamani.

"Mama yumo ndani tangu asubuhi, peke yake," alisema. "Kapigwa dawa yote ile."

Akaingia.

Mpiga dawa alimfuata bila barakoa. Ndani kulikuwa na joto na harufu ile kali inayokamata nyuma ya koo. Binti alikwenda moja kwa moja mstari wa tisa. Na Chapuchapu, ambaye kwa wiki zote hizo hakuwahi kuhama mahali pake hata hatua moja, alimwona mwanawe anakuja chini ya majani yanayodondoka, akang'oa miguu. Alishika upindo wa gauni lake kwa mikono miwili, akalitandaza juu ya kichwa cha binti kama mtu anayemfunika mwenzake mvua. Binti alivuna. Mama alitembea naye hatua kwa hatua, mmea kwa mmea, mikono juu. Matone ya dawa yaliangukia kwenye gauni, na gauni, lililokuwa limefyonzwa mpaka likabaki nyuzi, liliyapitisha.

"Shemeji, rudi mahali pako!" nyapara aliita akiwa mlangoni, akapuliza filimbi. "Unatawanya wadudu."

Chapuchapu hakurudi mpaka kreti ya mwisho ilipotoka. Halafu akarudi mwisho wa mstari wa tisa, akashusha mikono, na nzi wachache waliosalia wakaja wakatua juu yake. Lori liliondoka saa tano na robo, nyanya zake nyekundu, hakuna hata moja iliyoiva nusu. Bwana shamba aliandika kwamba dawa na mtego vikitumika pamoja vinaleta matokeo mazuri, akapendekeza utaratibu huo uendelee.

Jioni binti alinawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Akakaa mezani mbele ya baba yake, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akamtazama usoni. Alisema mama amemtuma amwambie kwamba ndoo inayovuja izibwe kwa nta. Mpiga dawa akasema ataiziba. Binti akajimiminia maji kutoka kwenye jagi, akanywa, akakunja uso.

"Baba," alisema, "haya maji mbona yana ladha ya chuma?"

Mpiga dawa akakichukua kile kikombe, akaonja. Yalikuwa maji tu.